Ng'ombe wa Halkano Hawahesabiwi

Garsen, 27 Januari 1957

Shangazi Elsie,

Shikamoo. Huku tu wazima kiasi cha kuandika, na naamini nawe huko Mombasa u mzima kiasi cha kusoma. Mama Loise anakusalimu. Goti bado linamsumbua na bado hataki kupumzika. Kaka Godhana amepata mtoto wa kike, wamempa jina la Kabibi, na sauti yake inasikika mpaka kijiji cha Wema. Baba hajambo, ila hazungumzi nami sana, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Nimekuwa mwalimu. Cheka kwanza, nitakungoja.

Si mwalimu wa cheti. Baada ya mtihani wa darasa la nane nilikaa nyumbani mwaka mzima nikingoja dunia iniite, nayo haikuita. Baba akaenda kwa Mkaguzi wa Bodi ya Elimu ya Wilaya, ambayo ndiyo yenye shule ya ukingoni mwa mto tangu misheni ilipoiachia mwaka jana. Wakapatana bila kuniuliza. Nishike darasa la kwanza mpaka mwisho wa Agosti, nionje. Nikiona linanifaa, Januari ijayo naingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili, nafasi imeshawekwa. Nikikataa anapewa mwingine, na Baba amesema majembe nyumbani yapo ya kutosha.

Sasa sikia nilichopewa kuonja. Chumba cha udongo chenye dirisha moja, nalo limeziba. Mwalimu mkuu ni Mzee Hiribae, anayefundisha darasa la tatu na la nne kwa pamoja akiwa amefumba macho. Watoto wengi ni wa kwetu, Wapokomo, wananuka kambale. Waliobaki ni Waorma walioshuka mtoni na ng'ombe wa baba zao kwa ajili ya kiangazi, nao hunitazama kama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Niliandika herufi A ubaoni nikauliza ni nini. Wakajibu kwa pamoja kwamba ni dungu, lile la kukalia shambani mtu akiamia ndege.

Shangazi, wewe mwenyewe ulishika darasa hili hili miaka miwili, kisha ukaondoka, na hapa nyumbani hakuna anayesema kwa nini. Nadhani nimeshaelewa. Mtu mwenye akili zake hakai hapa. Nakuomba unitafutie kazi ya ukarani bandarini. Mume wako Bwana Shee anajuana na watu, na mwandiko wangu unauona mwenyewe.

Mimi mtoto wako,
Enos


Majengo, Mombasa, 19 Februari 1957

Mwanangu Enos,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu cha mtu juu yake, lakini inasomeka. Tumefurahi kwa huyo Kabibi. Mwambie mama yako goti haliponi kwa kuzungukwa nalo shambani. Bwana Shee anakusalimu, anakohoa kidogo, na kila akikohoa husema kwao Kipini hakukuwa na vumbi hili. Mimi nina cherehani yangu barazani, nashona magauni ya watu wasiojua vipimo vyao.

Umeshika darasa kwa majuma matatu na umekwisha kuudharau ukingo mzima. Mimi nilihitaji mwezi. Mwandiko wako ni mzuri kweli. Ni mwandiko wa mtu anayejisikia akiandika.

Kazi ipo. Karani wa ghala moja hapa anastaafu, na Bwana Shee amekwisha kunong'ona na mkubwa wake. Utavaa tai, utakalia kiti chenye mto, utaandika magunia yaliyoingia na magunia yaliyotoka mpaka meno yakung'oke. Ni kazi nzuri, nakwambia kweli. Hakuna gunia litakalokuuliza kwa nini. Ualimu ni kazi ya kuwapigia kelele watoto wa watu ili wazazi wao wakusahau upesi.

Mimi niliondoka kwa sababu nilichoka na kelele. Usiniulize tena.

Na hao wanaosema A ni dungu, usiwachape. Waulize B wao wanaionaje. Basi, hilo limenitoka tu.

Shangazi yako,
Elsie


Garsen, 24 Machi 1957

Shangazi,

Shikamoo wewe na Bwana Shee, na pole yake kwa kikohozi. Goti la Mama lina nafuu, au labda amechoka kulilalamikia. Kabibi amenenepa. Godhana anafyeka shamba la ukingoni akingoja mto upande. Anasema mwaka huu atapanda mpunga mpaka mlangoni mwa shule, nikamwambia asione haya kuingia hadi ndani.

B niliwauliza. Wanasema ni mama mjamzito aliyesimama upande. Niliigeukia ubaoni nikaitazama, na sikuweza kubisha.

Lakini nina jambo kubwa kuliko hilo. Yupo mtoto wa Kiorma aitwaye Guracha, mwerevu na mwenye kiburi. Nilikuwa nafundisha hesabu, na nikataka mfano wa karibu na maisha yao, kama Mkaguzi alivyoniusia. Nikamwuliza mbele ya wote baba yake, Halkano, ana ng'ombe wangapi. Akanyamaza. Nikarudia. Akainamisha macho. Nikasema asiyejua idadi ya ng'ombe wa baba yake ataibiwa mpaka aibiwe hata mkia. Wapokomo wenzangu wakacheka sana. Kisha nikamtoa nje nikamsimamisha juani mpaka kengele ilipolia, na binamu yake Bonaya nikamsimamisha kando yake kwa kukataa swali hilo hilo.

Kesho yake Halkano alikuja mwenyewe. Ni mrefu, ilimbidi ainame mlangoni. Hakusalimu.

"Mwalimu," akasema, "nani ametuma wewe kuhesabu ng'ombe yangu? Serikali, ama shetani?"

Hakungoja jibu. Akasema neno moja kwa Kiorma, na watoto wote wa Kiorma wakainuka wakamfuata. Mzee Hiribae aliamka kwa heshima ya tukio hilo, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipomwuliza kosa langu, alinijibu nikamwulize mama yangu.

Sikumwuliza. Nimezaliwa hapa hapa, nilijua kwamba Waorma hawapendi maswali ya namna hiyo. Ila nilidhani darasani ni kwingine, kwamba mtoto akivuka mlango wa shule mambo ya nje yanabaki nje. Waende zao. Chumba kimepata hewa.

Ile kazi ya ghala bado ipo?

Enos


Majengo, Mombasa, 10 Aprili 1957

Mwanangu,

Hapa tu wazima. Mvua imeanza kunyesha na paa la jirani linavuja kwetu. Barua yako niliisoma mara mbili. Ya pili niliisoma kwa sauti, ili Bwana Shee naye apate kicheko, lakini hakucheka. Alisema, "Mtoto wa watu kasimamishwa juani kwa adabu zake." Nami nikaacha kucheka.

Bibi yako aliishi akafa bila kuijua A wala dungu lake, na hakupata kukosea hivyo. Mwenye ng'ombe huulizwa kama wana amani, kama wamepata nyasi, kama wamekunywa. Idadi haitamkwi, maana kuitamka ni kuwaitia ng'ombe mabaya. Na siku hizi tena, ambapo anayeuliza idadi hufuatwa nyuma na mtu wa kodi na amri ya kuipunguza mifugo, wewe ukamwuliza mtoto wa Halkano hadharani, nawe umevaa kaptura ya kaki kama mtu wa serikali. Ulikuwa mtoto mwenye akili. Sijui ulizimwaga wapi, labda katika mtihani.

Mimi nilikuwa na Waorma katika chumba hicho hicho, na walihesabu vizuri tu. Walichohesabu hakikuhusu. Wewe unataka ukarani.

Kazi ipo. Mkubwa wa ghala amekubali uanze Septemba mosi. Bwana Shee ameweka heshima yake pale, naye si mtu wa kuomba omba. Nijibu kwa posta ya kwanza.

Elsie


Garsen, 7 Julai 1957

Shangazi yangu,

Shikamoo. Posta ya kwanza ndiyo hii. Barua yako ya Aprili nimeipata juzi. Mto ulipanda ukameza njia yote ya kivukoni, na lori la barua likakaa ng'ambo mpaka kuku wakaanza kutagia ndani yake. Hayo ni maneno ya dereva, na sura yake inaonyesha alikula mayai. Nyumbani hawajambo. Shamba la kwanza la Godhana lilisombwa, akapanda tena maji yalipoanza kupungua. Kabibi ameketi mwenyewe. Baba ameniuliza kama nimeamua, mara moja tu, kisha akaendelea kuchonga mpini.

Darasa langu limehama. Mpunga umeanza kutia maziwa, ndege wameshuka kama walioalikwa, na kila mtoto mwenye mikono yuko shambani kuamia. Nilibaki na ukuta, ubao na Mzee Hiribae. Siku ya tatu nikapandwa na hasira, nikachukua fimbo, nikaenda mashambani kuwarudisha.

Niliwakuta juu ya madungu, kila mmoja na kombeo lake na rundo la udongo, wanapiga kelele za kufukuza ndege. Hakuna aliyeshuka. Nilipanda dungu la kwanza nimkamate mwenyewe, na nilipofika juu nikaona sina la kufanya na fimbo, maana kule juu hata kusimama ni kazi. Nikaketi. Ndege wakaja, mtoto akapiga ukelele wake wa siku zote, nami kwa kuchoka tu nikamwambia kama ni kupiga kelele apige ya maana. Nikaanza mimi. Ba, be, bi, bo, bu. Akaifuata. Wa dungu la pili akaidaka, na wa tatu, na kabla ya jua kupanda shamba zima la ukingo wa Kulesa lilikuwa likiwatukana ndege kwa silabi. Sasa tuko kwenye "mwa". Mama zao wanajua mpaka "nya". Usidhani nasema hivi kwa kujisifu. Ni watoto wajinga, ndege wajinga, na mwalimu mwenye sauti iliyokauka. Nakueleza tu ninavyopoteza siku zangu.

Kule shambani nilikutana na Kadii. Ulimfundisha, sasa ana mtoto mgongoni. Aliniuliza habari zako kabla ya kuniuliza zangu. Amenieleza yote. Kwamba Padre wa wakati ule alisimama mlangoni somo likiendelea, akasema mke wa Mwislamu hawezi kufundisha katika shule ya kanisa. Kwamba ulimalizia mstari uliokuwa ubaoni, ukawasomesha mpaka mwisho, ukawaaga mmoja mmoja kwa majina, na hukulia mpaka ulipofika kwenye migomba, ambako ulidhani hawakuoni.

Nani alichoka na kelele, Shangazi?

Juu ya ghala nitajibu.

Enos


Majengo, Mombasa, 22 Julai 1957

Enos,

Kadii alikuwa na mdomo mrefu tangu akiwa na meno ya utoto. Mpe salamu zangu.

Ndiyo, ilikuwa hivyo. Aliniambia nichague, na nilikuwa nimekwisha kuchagua, kwa hiyo hakukuwa na la kujadili. Kwa Bwana Shee sijajuta hata siku moja, na hilo ulijue kabla ya kufungua kinywa chako tena. Kwa lile darasa nimeumia kila Januari. Watoto wa hapa mtaani hupita na vibao vyao mbele ya cherehani yangu, nami huinama nikajifanya natunga sindano. Sasa umejua. Sitaki kuulizwa, sitaki kuhurumiwa, na sitaki kufundishwa na kijana anayepigia ndege kelele.

Waorma wangu walihesabu mamba. Mamba hana mwenyewe. Unawatoa watoto, mnakaa juu ya ukingo, mnahesabu waliolala mchangani na waliorudi majini. Hakuna baba atakayekuja mlangoni kumdai mamba wake.

Agosti inakaribia. Bwana Shee ameulizwa mara mbili na mkubwa wa ghala. Jibu swali uliloulizwa, ndiyo au hapana, kama unavyowadai watoto.

Elsie


Garsen, 18 Agosti 1957

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa Bwana Shee, maana nitamhitaji. Mama amevuna mpunga kwa goti lake lile lile. Kabibi ana jino. Watoto wamerudi chumbani na silabi zao, na Mkaguzi aliyekuja kututazama alisema hajapata kusikia darasa la kwanza linalosoma kwa sauti ya kuua ndege.

Waorma wameanza kushuka tena, madimbwi ya bara yamekauka. Nilimfuata Halkano mpaka kambini kwake. Nilikuwa na hotuba nzuri ya kuomba radhi, yenye mwanzo na mwisho, nikaitupa njiani. Niliuliza nyasi. Niliuliza maji. Niliuliza ng'ombe kama wana amani, nikakoma hapo. Alinipa maziwa. Guracha alipita karibu yetu akanitazama kama anayetazama mti. Nikamwita, nikamwambia mbele ya baba yake kwamba siku ile yeye alikuwa na adabu nami sikuwa nayo. Akaendelea na njia yake, na sikumlaumu.

Kikombe kilipoisha Halkano akasema, "Kiangazi ingine, wewe iko?"

Sikuelewa. Akaeleza kwamba yeye huja na kuondoka, hiyo ni kazi ya mwenye ng'ombe, lakini kila akirudi hukuta mwalimu mwingine. "Mimi napa mtoto kwa mtu," akasema. "Sipi kwa nyumba."

Nikamwambia sitakuwepo. Naenda kusoma kazi hii miaka miwili, nijue ninachokifanya, kisha nitarudi chumba kile kile. Shangazi, nilikuwa sijaamua. Nilijisikia nikisema, nikaogopa, na sikutaka kuyarudisha maneno. Nimedharau kila kitu katika shule hii tangu Januari, na kumbe nilikuwa namdharau mtu mmoja tu, yule aliyemsimamisha Guracha juani. Chuo nimekikubali. Karatasi ya Mkaguzi nimeitia sahihi jana.

Basi Halkano akauliza, na miaka hiyo miwili nani atashika watoto? Nikasema ni wewe.

Nimelisema bila kukuuliza, najua. Hakukuwa na nafasi. Aliniuliza wewe ni nani, nikasema mke wa Shee wa Kipini. Akaweka kikombe chini. "Yule mama walifukuza kwa sababu ya bwana Mwislamu?" Nikamwambia ndiye, nami nikakumbuka kwamba yeye pia ni Mwislamu. Alicheka, Shangazi, Halkano alicheka, mpaka wazee wengine wakaja kuona kuna nini. Kisha akasema, "Kwa huyo naleta Guracha. Naleta Darmi pia." Darmi ni binti yake. Hakuna Mworma wa hapa aliyewahi kumleta binti shuleni, Mzee Hiribae ameapa hivyo akiwa macho kabisa.

Misheni haimo tena. Mwenye neno ni Bodi, na nilimwuliza Mkaguzi kabla ya kutia sahihi. Anasema mwalimu aliyewahi kufundisha anaweza kushika darasa bila maswali ya ndoa. Kipini si mbali na hapa, na Bwana Shee anakohoa vumbi la Mombasa.

Bwana Shee aniwie radhi kwa ghala. Wewe nitukane upendavyo. Ila usipokuja, nimemkosea Halkano mara ya pili, na safari hii watoto hawatarudi.

Enos


Majengo, Mombasa, 2 Septemba 1957

Enos,

Hatujambo, kama unajali, jambo ambalo barua yako haikulionyesha.

Sijapata kuona ufedhuli wa namna hii. Umekataa kazi uliyoombewa na mtu asiyeomba. Umeniuza kwa kikombe cha maziwa. Umeniahidi kwa mwenye ng'ombe mimi nikiwa barazani kwangu na kitambaa cha watu mapajani, sijui hili wala lile. Nilikuandikia barua ya kukataa nikaichana, kwa kuwa haikuwa kali ya kutosha. Ya pili ilikuwa kali, nikaichana pia. Bwana Shee alipoona karatasi zinaisha aliomba asome yako. Aliisoma polepole, akaenda mwenyewe ghalani kusema kwamba mtoto wake ameitwa chuoni. Alisema hivyo, mtoto wake. Aliporudi akaniuliza kama kitanda chetu kitaingia katika lori la Garsen kikiwa kizima au kifunguliwe.

Nikamwambia sijasema naenda. Akasema yeye hajauliza hilo, ameuliza kitanda.

Nina magauni matatu ya kumaliza. Nina hofu pia, nakuambia wewe tu. Nimesahau mengi, sauti imekuwa ya bibi kizee, na huenda Darmi akanitazama siku ya kwanza akataka kurudi kwa mama yake. Mimi si yule aliyetoka katika chumba kile.

Lakini jana nilikwenda sokoni kutafuta uzi, nikajikuta ndani ya duka la vitabu na vifaa. Nikaomba chaki, nyeupe na za rangi. Mwenye duka alinitazama na kanga zangu, akaniuliza za nini.

Nikamwambia mimi ni mwalimu.

Shangazi yako,
Elsie